Kwa nini seva ya chuo chetu Kigoma sasa inatumia Debian

Siku tatu kabla ya Sabasaba ya mwaka 2024, niliingia kwenye chumba cha seva saa mbili asubuhi nikiwa na kazi ya dakika tano. Nilitaka kusakinisha programu moja ndogo ya kubana mafaili, kwa sababu nakala za akiba zilikuwa zimeanza kuijaza diski. Nikaandika amri, nikabonyeza, nikasubiri. Jibu likaja kwamba mashine inayotoa orodha ya maghala ya programu haijulikani. Nikarudia. Vilevile.

Kwa mtu anayeishi Kigoma, wazo la kwanza huwa ni mtandao. Faiba inapita mbali sana kabla ya kutufikia, na huko njiani haikosi jembe wala greda la barabara. Nikampigia mtoa huduma wetu. Kijana aliyepokea akaniambia, "Madamu, laini yenu naiona hapa, nzima kabisa." Na kweli, simu yangu ilikuwa inafungua kila kitu kwa waifai ileile ya chuo.

Ilinichukua mpaka adhuhuri kuelewa kwamba kilichokufa si intaneti. Ni CentOS 7, mfumo endeshi wa seva yetu, yaani programu kuu inayoiendesha mashine nzima. Ilitoka Julai 2014, na tarehe 30 Juni 2024 ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya kuhudumiwa. Mara baada ya tarehe hiyo, anwani iliyokuwa ikizielekeza seva kwenye maghala ya programu ikaondolewa. Vifurushi vyote vikahamishiwa kwenye ghala la kumbukumbu. Unaweza kuvifuata huko ukitaka, lakini likigunduliwa tundu la usalama leo, hakuna mtu wa kuliziba.

Mle ndani ya seva kuna maksi za mazoezi za wanafunzi wa uuguzi, famasia na utabibu wa miaka mitano. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ile kabati nikaitazama taa yake ya kijani ikipepesa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla sijaenda mbali, nieleze seva hii inafanya nini, maana uamuzi wote umetoka hapo. Tunatumia Moodle, programu huria ya kufundishia mtandaoni aliyoianzisha Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka mwaka 2002. Wanafunzi wetu wanasoma darasani, lakini sehemu kubwa ya mwaka wako kwenye mafunzo kwa vitendo, na baadhi wanapangiwa zahanati za mwambao wa ziwa ambako unafika kwa boti. Mwanafunzi anayekwenda huko anapakua masomo yake hapa chuoni, au pale Kibirizi akisubiri boti ijae, kwa kutumia programu ya Moodle ya kwenye simu. Akifika kule anasoma bila mtandao. Jaribio ambalo mwalimu ameruhusu lifanyike nje ya mtandao analifanya, na siku akipanda kilima kinachoshika minara, majibu yanakuja yenyewe.

Wengi huniuliza kwa nini seva isiwekwe Ulaya au Dar es Salaam kwa kukodi. Sababu ni chumba cha mitihani. Kompyuta zake 40 zimeungwa na seva kwa waya wa humuhumu ndani. Faiba ikikatwa katikati ya jaribio, wanafunzi hawajui hata kama imekatwa. Hilo limetuokoa mara nyingi kiasi kwamba nikisikia mtu anataka kuihamisha, moyo unashtuka.

Sasa ule msiba wa CentOS. Nilipotulia, nikaona kwamba tatizo letu lilianza miaka mingi kabla ya ile Juni 30, na nimeona seva za vyuo vingine zenye hali hiyohiyo.

CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4. Moodle 3.9 tuliyokuwa nayo inataka PHP isiyo chini ya 7.2. CentOS 7 ilikuja na MariaDB 5.5, Moodle 3.9 inataka isiyo chini ya 10.2. Maana yake ni kwamba vitu viwili vinavyoibeba Moodle, yaani lugha iliyoandikiwa na hifadhidata inayotunza kila kitu, havikuwa vya mfumo endeshi wetu hata kidogo. PHP tuliichukua kwenye ghala la mtu mwingine, MariaDB kwenye ghala lingine. Mfumo endeshi wenyewe ulibaki kuwa sakafu tu, na nyumba yote imejengwa kwa matofali ya kuazima. Kila kipande kina mwenyewe, kila mwenyewe ana ratiba yake, na mimi nilikuwa mtu mmoja wa kuzifuatilia zote huku nikifundisha vipindi 14 kwa wiki.

Ahadi ya miaka 10 ndiyo iliyotufanya tuichague CentOS. Nakumbuka kikao. Tulisema: tusakinishe mara moja, tusiguse mpaka 2024. Ilionekana busara kwa chuo kisicho na fundi wa kudumu. Leo naona kwamba miaka 10 ya mfumo endeshi si miaka 10 ya Moodle. Mfumo endeshi unaodumu hivyo unadumu kwa kukaa na PHP ya siku uliyozaliwa. Moodle haikai. Inasonga na kudai PHP mpya kila baada ya muda mfupi, na wewe uliyebaki katikati unaanza kuazima. Kadiri mfumo unavyozeeka, ndivyo deni linavyokua.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta mfumo mpya, swali langu halikuwa tena "upi unadumu zaidi". Nilichukua daftari, nikaandika juu ya ukurasa: *Moodle ninayoitaka ni ipi, na mfumo upi unakuja nayo PHP yake na hifadhidata yake tumboni, bila kuazima?* Moodle niliyoitaka ilikuwa 4.5, toleo la kuhudumiwa muda mrefu lililotoka Oktoba 2024, ambalo litaendelea kuzibiwa matundu ya usalama mpaka Oktoba 2027. Inataka PHP 8.1, 8.2 au 8.3, na MariaDB isiyo chini ya 10.6.

Wa kwanza kupendekeza alikuwa Mkuu wa Chuo mwenyewe. Aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwa nini tusitumie Windows kama kompyuta zetu nyingine? Kila mtu hapa anaijua." Swali halali. Moodle inakubali kukaa kwenye Windows Server. Nikamweleza kwamba leseni ya Windows Server inahesabiwa kwa viini vya prosesa, na hata seva yako ikiwa na viini vichache, unalipia visivyopungua 16. Juu yake kuna leseni za wale wanaoiingia. Mhasibu alikuwa amekaa pembeni, akauliza, "Na hiyo nyingine ni shilingi ngapi?" Nikamwambia haina bei. Akafunga kalamu yake. Mjadala wa Windows ukaishia hapo, na sikuwa na haja ya kuongeza lingine.

Uzito ulikuwa kwenye mifumo hii mitatu isiyo na bei: AlmaLinux, Ubuntu na Debian.

AlmaLinux ndiyo ndugu wa karibu wa CentOS. Desemba 2020 ilipotangazwa kwamba CentOS 8 itafikia mwisho wake Desemba 2021 badala ya 2029, watu walioachwa njiani wakaanzisha warithi wawili, AlmaLinux na Rocky Linux, na wote wawili wakatoa toleo la kwanza mwaka 2021. Nilikuwa nimezoea familia hiyo. Amri zake ziko kwenye vidole. AlmaLinux 9 inahudumiwa mpaka 2032, na tofauti na zamani, wakati huo ndani yake uliweza kuchagua PHP 8.1 au 8.2. Nilikuwa nimekwisha kuamua nusu.

Kisha nikaenda kuijaribu kwenye seva yenyewe. Rafiki yangu aliyekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam alinibebea kwenye flashi AlmaLinux 9.2 kamili, faili kubwa ambalo nisingethubutu kulipakua kwa bando langu. Niliazima seva yetu ya akiba, ile pacha yake iliyonunuliwa siku moja nayo mwaka 2012, nikachomeka flashi. Ikawaka vizuri. Ikauliza lugha, ikauliza saa za eneo. Ilipofika mahali pa kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu. Diski nne zimo ndani, nazisikia zikizunguka, taa zake zinawaka, na mfumo unasema hakuna diski.

Nilidhani kebo imelegea. Nikazima, nikafungua mfuniko, nikachomoa, nikapangusa vumbi, nikarudisha. Tupu. Nilipotafuta zaidi nikakuta sababu: kuanzia toleo la 8, familia hiyo iliondoa viendeshi vya kadi nyingi za zamani za RAID, ile kadi inayosimama kati ya diski na ubao mkuu. Yetu ilikuwa mojawapo. Lazima niseme haki: AlmaLinux walisikia kilio cha watu kama sisi, na kwenye toleo la 9.4 la Mei 2024 walirudisha vingi kati ya viendeshi hivyo. Ningepata toleo hilo huenda diski zangu zingeonekana. Lakini saa ile nikiwa nimeshika bisibisi niliuona mwelekeo. Matoleo ya familia ile yanatengenezwa kwa kuwatazama watu wanaobadilisha seva kila baada ya miaka michache. Chuo chetu hakibadilishi. Seva hii itakaa hapa mpaka ikatae kuwaka.

Ubuntu ilikuwa na hoja yenye nguvu sana, na bado naiheshimu. Kila kijana anayemaliza shahada ya kompyuta hapa nchini na kuja kwetu kwa fildi ameigusa Ubuntu. Hata jina lake halihitaji mkalimani huku kwetu. Warundi tunaopishana nao sokoni kila siku wanasema *ubuntu* wakimaanisha utu. Ubuntu 24.04 inakuja na PHP 8.3 na MariaDB 10.11, vyote ndani ya kile ambacho Moodle 4.5 inakubali, na inahudumiwa bure mpaka 2029. Kwa karatasi, inashinda.

Kilichonirudisha nyuma ni mtandao wetu. Faili la kusakinishia Ubuntu Server linazidi GB 2, na mle ndani kuna mfumo wa vifurushi vya snap ambao, usipouelekeza vingine, unachungulia mara nne kwa siku kama kuna kipya na kukivuta. Unaweza kuuzuia au kuuondoa. Ila nilitaka seva ambayo kijana atakayekuja baada yangu akiikuta haina kitu ambacho mimi niliking'oa na yeye hajui.

Debian 12 nilikuwa sijawahi kuitumia kwa kazi. Niliijua kama mama wa Ubuntu tu, mradi wa wajitolea alioanzisha Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu imejengwa juu yake tangu 2004. Faili lake dogo la kusakinishia lina kama MB 650. Nililipakua usiku mmoja kwa bando la usiku, nikiwa nyumbani Mwanga, na kabla ya adhana ya alfajiri lilikuwa limekamilika. Kesho yake nikalichomeka kwenye ile seva ya akiba. Ikauliza lugha. Nikavuta pumzi. Ikafika kwenye diski: zote nne zimeorodheshwa, moja baada ya nyingine, pamoja na ukubwa wake.

Ndani yake kuna PHP 8.2 na MariaDB 10.11. Havijaazimwa popote. Vinatoka ghala lilelile na mfumo wenyewe, vinazibwa matundu na watu walewale, kwa amri ileile moja. Nilifanya hesabu ya mbele pia: Moodle 5.0, iliyotoka Aprili 2025, haishuki chini ya PHP 8.2 na MariaDB 10.11. Yaani Debian 12 inatosha kwa Moodle niliyoitaka na kwa iliyofuata. Inahudumiwa mpaka Juni 2028. Ni miaka mitano tangu itoke, nusu ya ile ya CentOS. Na mimi sasa nilikuwa nataka nusu hiyo. Miaka mitano inanilazimisha nihame kabla sijaanza kuazima.

Na kuhusu kijana wa fildi: aliyejua Ubuntu anaikuta Debian inazungumza lugha ileile. Amri za kusakinisha ni zilezile, mafaili ya mipangilio yako palepale. Hilo lilinimalizia shaka iliyobaki.

Kama chuo chako kina fundi aliyelelewa kwenye familia ya Red Hat, ile ya CentOS na AlmaLinux, na seva mpya, sikushauri uniige. AlmaLinux itakufaa sana, alimradi kila mwaka uangalie PHP uliyoichagua inaishi mpaka lini, kwa sababu vipande vyake vingi vinakufa kabla ya mfumo wenyewe.

Kuamua ni jambo moja, kuhama ni jingine. Hapa nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipokaribia kukwama.

Moodle 4.5 haikubali kupandishwa moja kwa moja kutoka 3.9. Lazima kwanza ufike 4.1. Sawa, nikasema, nitaweka 3.9 kwenye Debian 12, nipande 4.1, kisha 4.5. Lakini Moodle 4.1 inaishia PHP 8.1, na Debian 12 ina 8.2. Moodle 3.9 ndiyo kabisa, haijui PHP 8 ya aina yoyote. Kwa hiyo kwenye seva mpya nisingeweza kusimamisha hata ile ya zamani, na kwenye seva ya zamani nisingeweza kusakinisha chochote.

Anayesafiri kwa reli kutoka Mwanza kuja Kigoma anajua kwamba hakuna njia ya kukwepa Tabora. Nilihitaji Tabora yangu, mahali ambapo Moodle ya zamani na ya kati zote zinaweza kusimama. Ikawa Debian 11, ambayo ndani yake kuna PHP 7.4 na MariaDB 10.5. PHP 7.4 inakubalika kwa 3.9 na inakubalika kwa 4.1. Nikaisimamisha Debian 11 kama mashine ya kufikirika ndani ya kompyuta yangu mpakato, nikamimina humo nakala ya hifadhidata na mafaili ya wanafunzi.

Mafaili yalinishangaza kwa uchache. Nilitegemea kunakili GB mia na zaidi, nikakuta robo yake. Moodle inalipatia kila faili jina linalotokana na yaliyomo ndani yake, kwa hiyo mwongozo uleule wa kuchoma sindano ambao walimu sita wameupakia kwenye kozi sita unakaa kwenye diski mara moja tu.

Nilifanya mazoezi mara mbili mwezi Novemba, bila kugusa seva halisi. Mara ya kwanza niligundua kwamba hifadhidata yetu ilikuwa bado kwenye usimbaji wa herufi wa zamani, ule usiobeba herufi zote za dunia wala vile vikaragosi ambavyo wanafunzi hawaachi kuviweka kwenye majadiliano. Moodle ina chombo chake cha kugeuza majedwali kwenda usimbaji mpya. Kwenye mpakato wangu kilichukua saa tatu na dakika kadhaa. Nikaandika muda huo kwenye daftari, na nikafurahi kuujua mapema.

Usiku wenyewe ulikuwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, chuo kimefungwa, wanafunzi wameondoka. Saa kumi na mbili jioni niliiweka Moodle kwenye hali ya matengenezo. Kabla ya lolote nilihesabu: safu za maksi ngapi, watumiaji wangapi, mafaili mangapi. Nikaandika namba tatu hizo kwa kalamu ya wino. Kisha safari ikaanza. Tabora nilifika saa nne usiku na 4.1 ikiwa imesimama vizuri kwenye mpakato. Nikatoa nakala mpya ya hifadhidata, nikaihamishia kwenye seva ya Debian 12, na nilipokuwa tu nataka kuanza kupandisha 4.5, ngurumo ikapiga upande wa ziwani na umeme ukakatika.

UPS ikaanza kulia. Ina uwezo wa dakika kama 20. Nikaizima seva kwa utaratibu wake, nikatoka nje gizani na tochi ya simu. Mlinzi wetu alikuwa chini ya kibaraza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bado uko na hiyo mashine?"

"Bado. Jenereta ina mafuta?"

"Ya saa mbili hivi. Ila kama shughuli yako haitaki kukatishwa, ngoja kwanza. Mvua hii haijamaliza."

Nilimsikiliza. Kupandisha toleo la Moodle ni kubadilisha majedwali ya hifadhidata moja baada ya jingine; kukikatika katikati, unabaki na nyumba ambayo nusu ina paa jipya na nusu la zamani. Nilikuwa na nakala tatu, ningeweza kuanza upya, lakini sikutaka. Tukakaa. Alikuwa na mahindi ya kuchoma, akanikatia nusu. Radi ilikuwa inamulika milima ya Kongo ng'ambo kule, unaiona yote mara moja, kisha haipo. Umeme ulirudi saa saba kasoro. Tukasubiri nusu saa nyingine tuone kama umetulia.

Nilipoanza, Moodle ikanikatalia papo hapo. Kwenye ukaguzi wake wa mazingira kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: PHP imewekewa kikomo cha kupokea vipengele 1,000 kwenye fomu moja, na Moodle kwenye PHP 8 haikubali chini ya 5,000. Ni namba moja kwenye faili la mipangilio. Nikaibadilisha, nikawasha upya, mstari ukawa kijani. Fahamu tu kwamba mipangilio ya PHP kwenye Debian ina faili lake kwa upande wa wavuti na lingine kwa upande wa amri. Badilisha yote mawili, la sivyo utajiuliza kwa nini huku inakubali na kule inakataa.

Saa tisa na robo majedwali yalimalizika. Nikahesabu tena. Safu za maksi: namba ileile. Watumiaji: ileile. Mafaili: ileile. Nikafungua akaunti ya majaribio kwenye simu yangu, nikaingia kwenye kozi ya famakolojia, jaribio likafunguka. Nilikaa pale nikiitazama skrini ya simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alfajiri nilipotoka, ukungu ulikuwa juu ya ziwa na wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi na karabai zao zimekwisha kuzimwa.

Tangu Januari 2025 sijasakinisha kitu chochote kutoka nje ya ghala la Debian. Ukarabati wa usalama unajivuta wenyewe usiku, mara nyingi MB chache tu. Mwonekano wa zamani wa kurasa zetu haukuweza kuvuka, ulikuwa umetengenezwa kwa 3.9, na walimu wawili walilalamika wiki nzima kwamba vitufe vimehama. Wamezoea.

Agosti 2025 tulipata kijana wa fildi, msikivu na mwepesi. Wiki ya pili tu alikuja mezani kwangu, uso umechangamka. "Madamu, Debian 13 imetoka tarehe 9. Tuipandishe?"

Nikampeleka chumba cha seva. Mlangoni mwa kabati nimebandika karatasi yenye mistari miwili. Wa juu: *Moodle 4.5, Oktoba 2027.* Wa chini: *Debian 12, Juni 2028.* Nikamwomba aangalie Debian 13 inakuja na PHP gani. Akatafuta kwenye simu. 8.4. Nikamwomba aangalie Moodle 4.5 inaishia wapi. 8.3.

Alinyamaza kidogo, akisoma ile karatasi. Kisha akaniuliza kwa nini mstari wa 2027 uko juu ya ule wa 2028. Nikamwambia kwa sababu ndio tutakaoanza nao. Akaazima penseli, na chini ya mistari miwili akaongeza wa tatu kwa mwandiko wake mdogo: *Debian 13, PHP 8.4, isubiri Moodle.*